Kisanduku Kisichowekwa Tiki

"Lifunge hilo faili leo," mkuu wa kituo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Mvua, kona, kijana, gari la spoti. Unataka nini zaidi?"

"Nataka saa mbili na lile gari, afande."

"Si umeshakaa siku tatu?"

"Siku tatu nilikuwa napima barabara. Gari bado."

Mkuu alipuliza chai, akanywa funda moja. "Ajali haina kinga, bwana wewe. Mwisho saa kumi jioni."

Inspekta alipiga saluti ya mtu aliyechoka, akatoka. Kituo kizima kilimwita Kipimo kwa sababu ya futi ya chuma aliyotembea nayo mfukoni, na baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima alama za tairi kwenye lami hata yeye mwenyewe aliitika jina hilo haraka kuliko lake. Alikuwa na magoti mabovu, miwani iliyofungwa uzi, na methali moja tu aliyoichukia duniani. Ajali haina kinga! Mtu ana tairi kipara, eti ajali haina kinga. Mtu kalewa chakari, eti ajali haina kinga. Kama haina kinga, basi yeye Kipimo serikali ilikuwa inamlipa kufanya nini miaka yote hiyo?

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Daktari wa meno, umri miaka thelathini na sita, siku kumi na moja zilizopita, alfajiri yenye mvua, peke yake ndani ya gari alilokaa nalo wiki tatu tu. Kwenye kona ya daraja mkia wa gari ulitangulia mbele, gari likazunguka, likagonga nguzo ubavuni. Hakufika hospitali.

Nyuma ya mchoro wa barabara kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya kuagizia gari, nakala nyeupe ya mteja. Kisanduku cha saba kwenye fomu hiyo kilihusu kifaa cha kuzuia mtelezo, kompyuta ndogo inayohisi mkia wa gari ukianza kukimbia na kushika breki ya gurudumu moja yenyewe, kabla mguu wa dereva haujajua kuna nini. Kwenye aina hiyo ya gari kifaa hakiji bure. Anayekitaka anaweka tiki na kuongeza pesa. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Karatasi ya pili ni maelezo ya mama wa marehemu. Mwanawe alimwambia kwa kicheko kwamba mkewe amekataa hicho kifaa, eti ni pesa ya bure. Siku ya mazishi mama huyo alimbeba mjukuu wake, binti wa miaka mitano, akasema hamrudishi kwenye mikono iliyomuua baba yake. Sasa alikuwa na wakili, na wakili alikuwa anasubiri ripoti ya Kipimo aipeleke mahakamani.

Na mjane? Kipimo alimuuliza siku ya kwanza kabisa. Hakukana, hakulia, hakujitetea. "Ni kweli, afande. Nilisema mimi." Akatia sahihi.

Basi kazi ilikuwa imekwisha, ukitaka iwe imekwisha.

Gari lilikuwa uani nyuma ya kituo, chini ya turubai. Kipimo alilifunua, akaanza upya kama kawaida yake, nje kwenda ndani. Tairi nne, mpya, upepo sawa kwa zile tatu zilizobaki nzima. Mabomba ya breki mazima. Usukani haukuwa na tatizo mpaka pale nguzo ilipoukuta. Akajipenyeza kwenye kiti cha abiria, magoti yakimtukana, akawasha tochi na kuitazama dashibodi.

Chini ya redio kulikuwa na vitufe vinne. Kitufe cha tatu kilichorwa kigari kidogo na mistari miwili iliyopinda nyuma yake.

Kipimo alitoa mfukoni kitabu cha maelezo ya aina hiyo ya gari, chenye picha, alichokiazima kwenye duka lililoliuza na kukisoma mara mbili kitandani, mkewe akilalamika taa. Ukurasa wa kumi na tisa. Gari lisilo na kifaa, pale kwenye nafasi ya tatu huwekwa kipande cha plastiki kitupu kuziba tundu. Halina kitufe. Hakuna kiwanda kinachoweka kitufe cha kuzimia kitu ambacho hakipo.

Alikibonyeza. Kikabonyea.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alijisemea kwa hasira. Siku tatu alikuwa barabarani na futi yake, na kumbe jambo lilikuwa limekaa hapa chini ya turubai linamsubiri. Kifaa kilikuwamo ndani ya gari.

Sasa kama kilikuwamo, kilikuwa wapi siku ya mvua? Alama alizopima pale kwenye kona zilikuwa za gari lililoachiwa lizunguke litakavyo. Hakuna gurudumu hata moja lililoshikwa. Kipimo aliinama chini ya usukani, akakuta kisanduku cha fyuzi. Mfuniko wake ulikuwa umekaza kiasi kwamba ilibidi atumie bisibisi. Upande wa ndani kulikuwa na ramani yake, kila fyuzi na kazi yake. Akazihesabu kwa kidole, moja moja. Namba kumi na nne, kifaa cha kuzuia mtelezo: tundu tupu.

Alipapasa sakafu yote, chini ya zulia, chini ya viti. Alipata sarafu, kibanio cha nywele cha mtoto na risiti ya mafuta. Fyuzi hakuna, wala isingeruka yenyewe kutoka kwenye mfuniko uliokaza vile. Ilitolewa na mkono wa mtu.

Wa nani? Kipimo aliwajua vijana wa magari ya kasi. Wengine huitoa makusudi, ili mkia ucheze kwenye kona na marafiki washangilie. Kama daktari aliitoa mwenyewe, mama yake angelia upya, mjane angelia upya, na ripoti ingekuwa fupi. Wazo hilo halikumpendeza hata kidogo, lakini aliliandika, kwa sababu daftari halichagui.

Duka la magari lilikuwa na vioo pande zote na harufu ya viti vipya. Muuzaji alivaa tai pana, na alimkaribisha Kipimo kwa tabasamu ambalo lilipungua kila hatua askari alipokaribia.

"Afande, karibu. Pole sana na... na msiba ule."

"Msiba si wangu. Nataka nakala yenu ya fomu ya daktari."

"Si mlishapewa?"

"Tulipewa ya mteja. Nataka ya kwenu."

Muuzaji alirekebisha tai, akafungua kabati, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nakala ya duka ilikuwa ya waridi. Kwenye kisanduku cha saba kulikuwa na tiki ya wino wa bluu, na pembeni tarehe, siku tatu baada ya fomu kujazwa.

Kipimo aliitazama mpaka muuzaji akaanza kutoka jasho. "Hii tiki nani kaiweka?"

"Mimi. Mteja alipiga simu."

"Na mbona hukusema? Nilikuja hapa wiki iliyopita, nikakuuliza habari za lile gari."

"Uliuliza kama breki zilikuwa nzima, afande. Kuhusu kifaa hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuuma. "Haya, nakuuliza sasa. Alisemaje kwenye simu?"

"Alikuwa anacheka. Alisema, 'Mke wangu kaniambia hicho kifaa cha nini, endesha polepole tu. Na mimi najijua, bwana, sitaendesha polepole. Kiwekeni.' Akasema nisimtumie karatasi nyingine nyumbani, atamwambia mkewe mwenyewe." Muuzaji alishusha sauti. "Alitaka amfanyie mshangao."

"Mshangao," Kipimo alirudia huku akiandika. "Na gari lilipofika, nani alilikagua?"

"Karakana, huko nyuma. Fundi mkuu mwenyewe."

Fundi mkuu aliitwa Spana na kila mtu, kuanzia mwenye duka hadi mfagizi. Alikuwa mzee wa rika la Kipimo, mikono imeingia grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga, na karakana yake ilikuwa safi kuliko jikoni kwa watu wengi. Spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa. Funguo za magari zilining'inia kwenye ubao, kila moja na namba yake.

"Mzee mwenzangu," Kipimo alisema, akaketi bila kukaribishwa, kwani magoti yalishaamua. "Lile gari jekundu la daktari. Ulilipimaje?"

"Kama ninavyopima yote. Mafuta, taa, tairi, breki kwenye rola."

"Nieleze hizo rola."

Spana alimwonyesha mashine sakafuni, mapipa mawili ya chuma yanayozungushwa na umeme. "Gurudumu za mbele zinazunguka hapa, za nyuma zimesimama. Sasa magari haya yenye kifaa cha mtelezo yana wazimu. Yakiona mbele kunazunguka na nyuma kumetulia, yanadhani yanateleza, yanashika breki yenyewe, yanaharibu kipimo chote. Kwa hiyo tunachomoa fyuzi yake kwanza, tunapima, tunairudisha."

"Mnajuaje kama imerudishwa?"

Hapo mzee alinyanyua kidevu. Ilionekana swali hilo alikuwa akilisubiri kwa hamu miaka yote. "Kwangu haipotei fyuzi. Sheria yangu ni moja, na kila kijana aliyepita hapa ameimeza. Ukichomoa fyuzi, unaibandika kwenye ufunguo wa gari kwa tepu nyeusi. Huwezi kuliwasha gari bila kuishika mkononi. Ukiishika, utakumbuka. Miaka ishirini na miwili, hakuna hata moja iliyosahauliwa."

"Na gari la daktari, fyuzi uliirudisha wewe?"

"Nili..." Spana alitazama rola, akatazama mlango. "Nilipima. Nikabandika. Nikaitwa kule mbele kuna lori limekwama getini. Niliporudi, gari lilikuwa limeshatolewa kwenda kuoshwa. Nikasema, aliyelitoa ameiona fyuzi. Lazima ameiona. Angeliwashaje?"

"Magari mapya yanakuja na funguo ngapi, mzee?"

Kipimo aliuliza taratibu, kwa sababu jibu alikuwa amekwisha kuliona usoni kwa mwenzake.

"Mbili," Spana alisema. "Zamani yote yalikuja hapa na ufunguo mmoja, unatundikwa hapo ubaoni. Siku hizi mmoja unakuja kwangu, mwingine unabaki kwenye droo ya muuzaji." Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tairi. "Walilitoa na ule wa droo. Wangu niliukuta ubaoni jioni, nikautia kwenye bahasha na vitabu vya gari bila kuutazama. Nilikuwa naongea na simu. Mungu wangu! Nimeua mtoto wa watu na sheria yangu mwenyewe."

Kipimo angemwambia pole, lakini pole ilikuwa ya watu wengine. Mzee alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, halafu akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi yako. Nitaandika mwenyewe, mwandiko wangu unasomeka."

Saa nane na nusu Kipimo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa na tangazo la matengenezo lililofifia. Mjane alifungua mlango akiwa na kanga mabegani na macho ya mtu ambaye usingizi umemkataa. Pembeni mwa mlango kulikuwa na viatu vidogo vya shule, vimepigwa rangi, vimepangwa kisigino kwa kisigino.

"Umekuja kunikamata, afande?"

"Nimekuja kuomba bahasha, dada yangu. Ile iliyokuja na vitabu vya gari."

Aliileta kutoka droo ya kabati la vyombo. Haikuwa imefunguliwa. Kipimo alivaa glavu, akaichana, akamimina juu ya meza. Vitabu viwili, kadi ya udhamini, na ufunguo uliozungushiwa tepu nyeusi tumboni. Alibandua kwa ncha ya kisu. Chini yake ililala fyuzi ndogo ya bluu, nzima, namba zake zikisomeka.

"Hiyo nini?" mjane aliuliza.

Ikabidi amweleze, na alimweleza polepole, toka kitufe mpaka rola, toka rola mpaka funguo mbili. Mwanamke alisikiliza bila kupepesa. Kipimo alipofika kwenye simu ya daktari, na yale maneno ya "najijua, sitaendesha polepole", mjane aliweka kiganja mdomoni na kucheka, kicheko kimoja kifupi kilichomtoka bila ruhusa.

"Ni yeye huyo," alisema. "Ni yeye kabisa! Tulikaa meza hii hii. Kaniuliza, 'Hiki tukinunue, kina thamani?' Nikamwambia, 'Baba nanihii, una mguu, una breki, una akili. Mbona unataka kununua akili ya pili?' Akacheka, akaacha kisanduku wazi. Siku kumi na moja, afande, nalala na hilo neno. Kila nikifumba macho najisikia ninalisema." Aliitazama fyuzi pale mezani. "Kwa hiyo alikinunua."

"Alikinunua. Ulichokisema wewe hakikumzuia."

Hapo ndipo alipolia. Kipimo alikaa, akatazama vitabu vya gari, akasubiri. Katika kazi yake hakuna chombo cha kupimia kitu hiki, na alishaacha kukitafuta.

Alipotulia, mjane alikunja uso. "Ngoja. Kulikuwa na taa."

"Taa gani?"

"Ya manjano, pale mbele ya usukani. Kigari kidogo na mistari nyuma. Iliwaka toka siku ya kwanza, haikuzimika. Nikamuuliza, gari jipya na taa inawaka, si ubovu huu? Akatabasamu kama mtoto aliyeficha peremende. Akasema, 'Hiyo ni siri yangu, nitakwambia siku ya kuzaliwa kwako. Nilimuuliza muuzaji, kaniambia hiyo taa ndiyo inaonyesha kitu changu kipo.' Kila tukipanda gari anaigusa kwa kidole, anacheka peke yake." Alimtazama Kipimo usoni. "Ilikuwa inaonyesha kwamba kipo?"

Miaka thelathini na mmoja, na bado kuna maswali ambayo mtu angetamani aulizwe mwingine. Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Lakini muuzaji mwenye tai alikuwa amemjibu mteja jambo asilolijua, ili asionekane hajui, na mzee wa watu kule karakana alikuwa ameandika hatia yote peke yake.

"Hapana, dada," alisema. "Ilikuwa inasema kwamba hakifanyi kazi."

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Alifurahi nayo sana ile taa," alisema, na halafu, kwa sauti iliyonyooka, "Andika, afande. Na huyo muuzaji mwandike."

Kipimo aliandika. Aliongeza jina la muuzaji chini ya maelezo ya Spana, akamsomea mjane yote, akamwonyesha pa kutia sahihi. Kisha akamwomba namba ya mama mkwe. Haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kumpelekea wakili ripoti kwa barua, na wakili angeisoma wiki ijayo, au ile nyingine.

Simu iliita kwa muda mrefu. "Nani?" sauti ya mama ilikuwa kavu.

"Shikamoo, Mama. Ni yule inspekta wa ajali."

"Marahaba. Umeshamaliza?"

"Nimekaribia. Mwanao alikinunua kile kifaa, Mama. Alibadilisha fomu mwenyewe, mkewe hakujua. Kilikuwamo kwenye gari, ila waliouza gari walilitoa kikiwa kimezimwa. Nina karatasi zao, zina sahihi. Kwenye ripoti yangu mkweo hana kosa."

Kwa mbali, upande wa pili, Kipimo alisikia mtoto anaimba wimbo wa kuhesabu.

"Una hakika?" mama aliuliza.

"Nimeishika fyuzi kwa mkono wangu."

"Nilimwita muuaji mbele ya watu," alisema mama. "Mbele ya kaburi." Alipumua kwa shida. "Sasa mimi nitaishi vipi, baba? Chuki hii ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi."

Kipimo alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Mwambie aje amchukue mwanawe," mama alisema mwishowe. "Aje leo. Nitamwacha mlangoni na mfuko wake wa nguo. Mimi nitakuwa chumbani, nimefunga. Mwambie asinigongee. Uso wa kumtazama sina."

Kipimo alishusha simu, akageuka. Mjane alikuwa amesikia kila neno. Alishavaa viatu, ile jozi ndogo ya shule ameikumbatia kifuani.

"Nitagonga," alisema. "Hata kama ni mpaka kesho, nitagonga."